Bastola Hii ni ya Nani, Delphia?

Pigeon Fork, Kentucky
Aprili 18, 2006

Kaka yangu Hobert,

Hujambo na baridi ya Ohio? Wifi Imogene hajambo, na lile goti lake? Mimi sijambo, ila vidole ndivyo vinavyonikomoa kila mvua ikinyesha, na mwaka huu mvua haijui kuacha. Viazi nimepanda Ijumaa Kuu kama mama alivyotufundisha, nikiwa nimepiga magoti kwenye tope kwa sababu nikiinama sinyanyuki. Kaburi la Estill mume wangu limetitia upande mmoja. Nitalijazia udongo kabla ya siku ya makaburi mwishoni mwa Mei, tukikusanyika kufagia.

Nakuandikia kwa sababu kukupigia simu ni kazi bure. Napiga kelele mpaka bonde zima linajua shida zangu, halafu wewe unanijibu habari za hali ya hewa. Imogene akishika simu badala yako, basi hayo si ya kaka na dada tena.

Jambo lenyewe ni hili. Nataka kununua bastola ndogo ya kujilinda. Huku wezi wamezidi. Kwa Arvil Gayheart wameng'oa pampu ya kisima mchana kweupe, na nyaya za shaba kwenye kanisa la zamani zimekwisha zote. Wewe umeuza bunduki umri mzima, kwa hiyo nakuuliza wewe. Nataka iwe ya milimita tisa, ya kufichika kiunoni chini ya shati, mtutu usizidi inchi tatu na nusu, na magazini yake ichukue risasi kumi na mbili. Ya mpini wa plastiki, siyo ya chuma kizito. Niambie ipi ni nzuri na bei yake halali ni kiasi gani, wasije wakaniibia mjini kwa kuwa ni mjane.

Usimwambie mtu. Wala usipige simu.

Dada yako,
Delphia

*

Hamilton, Ohio
Aprili 26, 2006

Mdogo wangu Delphia,

Barua imefika. Imogene anakusalimu, goti lake bado bovu na daktari bado anakula pesa zetu. Mimi mzima, isipokuwa masikio, na hayo yalikufa zamani sina haja ya kuyalilia.

Sasa. Chini ya shati? Kiunoni? Delphia, tangu uolewe sijakuona umevaa kitu kisicho gauni na aproni. Utaichomeka wapi hiyo bastola, kwenye soksi? Nimeisoma barua yako mezani Imogene akacheka mpaka akakohoa, halafu akaniangalia. Na mimi nikamwangalia.

Nikupe kwanza ushauri ulioomba. Watu wanadhani bastola ikiwa ndogo ni rahisi, na hapo ndipo waume wote wanapokosea wanapowanunulia wake zao vile vidude vya kutia mkobani. Ndogo ndiyo inayopiga teke ikifyatuliwa. Isitoshe, hiyo ya magazini lazima uvute chuma cha juu nyuma kwa nguvu kabla haijafanya lolote, na wewe mwaka jana ulishindwa kufungua chupa ya matango mpaka ukamwita Estill. Kwa mikono yako nakuchagulia mbili tu. Moja ni rivolva ya risasi tano, ile ambayo nyundo yake imefichwa ndani isinase kwenye nguo. Mpya isizidi dola mia tatu na arobaini, na iliyotumika kwa uangalifu utaipata kwa mia mbili na nusu. Ya pili ni ile ya Kiitaliano ambayo mtutu wake unabinuka juu kama kifuniko cha sanduku, unaweka risasi kwa vidole, hakuna kuvutana na chuma. Hiyo lipa mia mbili na themanini, akikudai zaidi toka nje. Usisahau ala ya ngozi, na risasi za kujifunzia. Silaha bila mazoezi ni jiwe tu.

Halafu nikueleze kitu cha kaunta, sisemi ni wewe. Mwanamke anayejinunulia mwenyewe huwa ananiuliza: itanivunja mkono? Ina kelele? Nitaiweka wapi wajukuu wasiifikie? Hataji inchi. Akiingia mwanamke akaanza kuporomosha milimita na inchi kama anakariri mistari ya Jumapili, mimi nilikuwa namwacha amalize, huku nachungulia dirishani. Huko nje kuna gari, na ndani ya gari kuna mwanamume ambaye sheria haimruhusu hata kuigusa. Mwanamke anasaini kwamba ni yake. Siku mambo yakifumuka, anayefungwa ni aliyesaini, na wanampa hadi miaka kumi. Nimewaona wawili wakichukuliwa, mmoja alikuwa nyanya wa watu.

Na rivolva ya shemeji Estill iko wapi? Ile aliyoiweka kwenye droo ya soksi miaka yote. Mbona huitumii hiyo?

Kaka yako,
Hobert

*

Pigeon Fork
Mei 15, 2006

Kaka Hobert,

Salamu zako nimezipata. Samahani nimechelewa, kazi zimenisonga, kunde zimeota, kuku wawili wamekufa, na kile chakula nilichoweka kwenye makopo mwaka jana kinaisha haraka kuliko nilivyodhani.

Nilikuuliza bei, ukanihubiria. Hukuwa mchungaji, Mungu alilinusuru kanisa. Hizo mbili ulizonichagulia sizitaki. Risasi tano ni za nini? Na hiyo ya Kiitaliano ya kubinuka ni ya kuchezea, haisimamishi mtu, sungura tu ndiye atakayeikimbia. Nataka ile niliyokutajia. Pale mjini wanayo kwa dola mia nne na themanini, mpya, na magazini ya ziada. Hiyo bei ni sawa au wananipiga? Nijibu hilo tu. Tena nilitaka kujua, namba ya bastola wanaiandika na jina la mnunuzi, halafu inakaa dukani kwao miaka mingapi?

Vidole vyangu viache, vitajifunza.

Halafu siku ya makaburi mwaka huu msije. Maji yameila barabara pale kwa akina Gayheart, gari lenu halitapita. Nitawafagilia mama na baba mwenyewe, na maua ya Estill nimeshayatengeneza.

Delphia

*

Hamilton
Mei 20, 2006

Delphia,

Hatujambo. Basi.

Machale yalikuwa yananicheza, sasa yananikanyaga kabisa. Kwa miaka arobaini na moja sijakosa kufagia kaburi la mama. Nilikuja na homa. Nilikuja mwaka ule viwanda vimegoma, dukani haingii mnunuzi, sina hata hela ya mafuta. Leo unaniambia nisije kwa sababu ya maji! Tangu lini maji yakatushinda sisi? Baba alikuwa akituvusha mto ule kwa nyumbu.

Nimekupima na umeanguka. Nilikuchagulia silaha inayofaa mikono yako, ukaikataa kama si mikono yako inayohusika. "Haisimamishi mtu." Maneno hayo umeyatoa wapi? Wewe ambaye ukimwona nyoka kwenye banda la kuku unamwomba aondoke? Hayo ni maneno ya mwanamume, Delphia, tena ya mwanamume anayetaka kuonekana anajua. Na habari ya namba kukaa miaka mingapi, hilo ni swali la mtu anayepanga kuipoteza.

Ni Arvil? Nimesikia anakupeleka kanisani. Mzee wa watu anaonekana mpole, ana meno mapya, anakunyenyekea, lakini alikaa wapi ile miaka ya themanini ambayo hakuna aliyemwona? Kama ni yeye amekutuma, mwambie aje kwenye kaunta mwenyewe. Na kama ameshaanza kulala hapo, niambie tu, Estill kafa, sitakuhukumu. Ila usisaini kitu kwa ajili ya mtu yeyote.

Naomba majibu mawili. Nani atakayeivaa? Na rivolva ya Estill iko wapi?

Hobert

*

Pigeon Fork
Juni 4, 2006

Hobert,

Arvil! Nimecheka peke yangu jikoni mpaka nikakaa chini. Arvil Gayheart ana miaka sabini na tisa, na hiyo miaka ya themanini unayoitilia shaka alikuwa hospitali ya kifua, mapafu yamejaa vumbi la makaa. Kuivaa bastola kiunoni hawezi, suruali yenyewe inamshinda. Umemkosea adabu mtu wa Mungu na umenikosea mimi.

Siku ya makaburi ilipita vizuri. Nilifagia, nikaweka maua, tukaimba nyimbo tatu. Akina Noble wa ng'ambo walileta keki ya tufaha kavu, ile ya tabaka tabaka, lakini kavu kweli. Watu wakaniuliza, Hobert yuko wapi? Nikasema mgonjwa. Umenifanya niseme uongo makaburini.

Sasa na mimi nikuulize. Juzi nimekwenda mjini, nikaingia pale dukani kuangalia tu. Yule mwenye duka akaniangalia kama nimekuja kuiba. Nikimuuliza hivi, ananijibu, "Mama, hebu nenda ukafikirie kwanza." Nani amenitangulia hapo? Nani amempigia simu? Ulikuwa ukijuana na watu wa maduka yote, kuanzia huko kwenu mpaka Tennessee. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, Hobert. Ni wewe.

Nimezaliwa na kaka mmoja nikadhani ni wa kunilinda, kumbe ni wa kunichunga.

Delphia

*

Hamilton
Juni 10, 2006

Delphia,

Ndiyo, ni mimi. Yaani Imogene ndiye aliyeongea, mimi nilikuwa namwandikia maneno kwenye karatasi. Tulimwambia asikuuzie chochote mpaka tujue. Nikasirikie unavyotaka.

Lonzo yuko hapo nyumbani.

Usinijibu hayupo. Nimezisoma barua zako zote tena, nimezipanga mezani. Chakula cha makopo cha mtu mmoja hakiishi Mei. Hutaki nije. Hutaki simu, kwa sababu simu ataipokea mtu. Na mama hasaini mambo ya kipumbavu kwa ajili ya Arvil Gayheart mwenye mapafu mabovu. Anasaini kwa ajili ya mwanawe. Tulidhani yuko Florida anapaka rangi nyumba za watu. Mimi ni mjomba wake, nilimfundisha kuvua samaki, usidhani nafurahi kuandika haya.

Lonzo amekaa gerezani miaka sita. Sheria inasema hatashika silaha maisha yake yote. Ukisaini, hata kama hajafyatua risasi moja, wewe ndiye utakayevaa nguo za mfungwa, na una miaka sitini na saba na vidole hivyo. Nani atakufunga vifungo asubuhi?

Na mtu anayeogopa wezi wa nyaya hataki risasi kumi na mbili. Muulize anamwogopa nani. Au anamtaka nani.

Rivolva ya Estill siulizi tena. Najua Lonzo alikoipeleka.

Hobert

*

Pigeon Fork
Juni 19, 2006

Kaka yangu,

Wifi hajambo? Nimemwota juzi, alikuwa anatembea vizuri.

Haya. Yuko. Alikuja Februari, na theluji miguuni, viatu vya turubai. Nilifungua mlango nikadhani ni mtu wa kuomba, Hobert. Mwanangu mwenyewe sikumtambua. Amekonda, meno ya pembeni hana. Akasema, "Mama, usiwashe taa." Nikampikia maharage na mkate wa mahindi, akala amesimama karibu na dirisha akiangalia nje. Tangu siku hiyo analala chumba cha nyuma, mchana anajificha, na mtu akija mimi ndiye ninayetoka. Barabara haijaharibika. Nilikudanganya.

Anasema kuna watu aliofungwa nao, alitaja majina yao kwa polisi ili apunguziwe, na sasa wametoka. Wanamtafuta. Wakimpata watamuua, na hawatachagua, na mimi watanimaliza. Rivolva ya Estill anasema aliitupa mtoni kwa sababu ilikuwa na kutu. Mimi nimemwamini. Wewe hukumzaa.

Unaniambia miaka kumi kana kwamba nimeshindwa kuhesabu. Nimehesabu. Nitakuwa na sabini na saba, yeye atakuwa hai. Kwa mama hiyo si hesabu ngumu. Ungemwona anavyotetemeka usingizini usingeniandikia habari za sheria.

Jumamosi tunakwenda wilaya ya jirani, kwenye duka ambalo wewe na Imogene hamkulifikia. Nitasaini. Ukinipenda, choma barua hii na ukae kimya. Ukinisaliti kwa polisi, kaburi la mama utalifagia peke yako mpaka ufe.

Delphia

*

Hamilton
Juni 22, 2006
Kwa haraka

Delphia, mdogo wangu,

Barua yako imeingia leo, sijui kama hii itakuwahi. Imogene amepiga simu kwako asubuhi na mchana. Amepokea mwanamume, akasema umelala. Saa sita mchana! Wewe hujawahi kulala mchana hata ulipokuwa na homa ya mapafu.

Siendi polisi. Kama kweli kuna watu wanamtafuta Lonzo, bastola haitamsaidia, umbali ndio utamsaidia. Mpandishe basi aje huku. Chumba cha juu kiko wazi. Mimi ni kiziwi lakini bado naweza kukaa na mpwa wangu mezani, na kuna kazi ya kusafisha madirisha ambayo hawaulizi mengi. Mwambie hivyo leo, umwangalie usoni anapojibu. Anayeogopa kufa atafunga begi kabla hujamaliza kusema.

Na kama atakataa, jiulize kwa nini.

Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu tangu tugawane shamba la baba.

Hobert

*

Pigeon Fork
Julai 3, 2006

Kaka yangu Hobert,

Natumaini wewe na wifi mnaendelea vizuri. Viazi vimechanua. Mvua imeacha. Barua yako ya haraka nimeipata Jumatatu iliyopita, wakati Jumamosi ilikuwa imeshapita, na nimechelewa kukujibu kwa sababu sikujua nianzie wapi. Naandika nikiwa kwa Arvil. Ananipikia kahawa mbaya na hasemi kitu, Mungu ambariki.

Tulikwenda Jumamosi ile. Lonzo alikaa garini, kofia imeshuka mpaka puani. Njiani alinikaririsha kila kitu mara tatu, kama mtoto wa shule. Nikaingia. Nyuma ya kaunta alikuwepo binti mmoja mnene mwenye nywele nyekundu, mchangamfu, akaniita "bibi mpenzi". Nikataja milimita zangu na inchi zangu. Hakunikatiza. Akaitoa, akaiweka juu ya kitambaa, mia nne na sabini, akasema, "Haya bibi, kabla ya karatasi, ishike. Vuta hicho chuma cha juu nyuma nione kama mnaelewana." Nikavuta. Hobert, hakikusogea hata unene wa ukucha. Nikajaribu tena, nikaibana tumboni, machozi yakanitoka kwa maumivu ya vidole. Akasema, "Usijali, jaribu taratibu." Alikuwa anachungulia dirishani. Alifanya vilevile ulivyosema, nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

Labda ningesaini hata hivyo. Sikufichi, kalamu nilikuwa nimeshaitafuta kwa macho. Lakini Lonzo alichoka kungoja. Akaingia, hakunisemesha, akaninyang'anya bastola mkononi, akavuta mara moja, kacha! Akaielekeza ukutani kwenye kichwa cha kulungu kilichotundikwa, jicho moja amefumba. Na alikuwa anatabasamu. Miezi mitano nyumbani kwangu sijamwona akitabasamu, mpaka alipoishika hiyo. Hakuwa anatetemeka hata kidogo.

Yule binti akaiomba kwa upole, akairudisha chini ya kioo, akasema, "Leo hatuuzi." Basi.

Garini alinitukana. Sitaandika alivyoniita. Mimi nikamweleza habari ya kuja kwako, sikuwa nimesoma barua yako bado, lilinijia tu kichwani. Nikasema, nenda kwa mjomba wako Ohio, huko hawakufahamu. Akacheka. Akasema, "Mama, hakuna anayenitafuta. Nilikuwa nimeshampata mtu wa kuinunua, dola mia nane bila maswali, sasa nimwambieje?" Alisema hivyo hivyo, kama mtu anayesema mkate umeungua. Hakuna anayemtafuta, Hobert! Nimejifungia na mapazia mimi, nimemfukuza kaka yangu kaburini kwa mama yetu, nimejiandaa kufungwa, kwa ajili ya watu wasiokuwepo.

Nikamwambia ahame. Akasimamisha gari pale darajani. Akaniwekea mkono hapa, chini ya kidevu, hakubana sana, ila hakuondoa haraka. Akasema nyumba ya baba yake ni yake, na mimi nijifunze kunyamaza. Halafu akanunua aiskrimu mbili dukani kwa akina Noble, akanipa moja. Nikaila. Sikujua nifanye nini kingine.

Alhamisi Arvil alinipeleka mjini, kwa yule mwenye duka uliyemwonya. Nikamwambia nataka rivolva ya risasi tano, nyundo imefichwa ndani. Nikamuuliza itanivunja mkono? Ina kelele? Akasema, "Mama, hii ni ya nani?" Nikasema ni yangu. Ilikuwa ni kweli, na nilitamani iwe uongo. Akapiga simu yao ya kukagua jina, wakaniruhusu, nikalipa mia tatu na kumi pamoja na ala. Usiseme bei ni mbaya. Arvil amenipeleka nyuma ya banda lake mara mbili kujifunza kupiga makopo. Napiga vizuri, Hobert. Nimejichukia nilivyopiga vizuri.

Bado hajaondoka. Anasema ataondoka akipata nauli, lakini nauli nimempa mara mbili. Polisi nitakwenda mwenyewe, safari hii sitaki uninyamazie, lakini sitaki kwenda peke yangu. Kwa miaka yako yote kwenye kaunta, walikuja akina mama wa namna yangu? Wanaonunua kwa sababu ya mtoto waliyemnyonyesha? Ukawauzia? Hukuwahi kutusimulia hao.

Asubuhi hii nimemkaangia mayai kama kawaida. Akala yote, akasema, "Mama, hakuna anayekaanga kama wewe." Nikamwambia, "Kula mwanangu." Mkono mmoja ulikuwa na mwiko, wa pili ulikuwa ndani ya mfuko wa aproni, umeishika ile rivolva, na sikuutoa mpaka alipomaliza.

Njoo, kaka. Njoo na Imogene. Sitaki nizoee.

Dada yako,
Delphia